Wamegombana, Wewe Ulifanya Nini?

Kijana mwenzangu, kuna swali moja la usaili ambalo likiulizwa, mtu aliyekuwa anajibu kwa mbwembwe dakika moja iliyopita anaanza kutazama dari. Swali lenyewe hili hapa: "Tueleze kuhusu siku ambayo watu uliokuwa unafanya nao kazi waligombana. Wewe ulifanya nini?"

Utakutana nalo mapema kuliko unavyodhani. Kuna shule ambazo, kabla wanafunzi hawajapiga kura ya kaka mkuu na dada mkuu, wagombea huitwa mmoja mmoja mbele ya jopo la walimu. Unaulizwa jina, kidato, kwa nini unataka uongozi, halafu swali hilo linashuka. Ukimaliza shule utalikuta tena: unapoomba kazi ya mapokezi hotelini, unapoomba kuwa mwelimishaji rika kwenye shirika fulani, na miaka kumi baadaye unapotaka kupandishwa cheo uwe meneja. Maneno yatabadilika kidogo, na huenda yakaja kwa Kiingereza, lakini swali ni lilelile.

Labda unajiuliza, gazeti la afya linaingiaje kwenye mambo ya intavyuu? Linaingia sana tu. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa kufundisha stadi za maisha shuleni, katika miaka ya 1990, lilitaja stadi kumi. Ndani yake zimo kuwasiliana, kuishi vizuri na watu, kuhisi anachohisi mwenzako, na kuzimudu hisia zako mwenyewe. Stadi inayokuwezesha kuongea na mwenzako aliyekasirika ndiyo hiyo hiyo inayokuwezesha kumwambia mtu "sitaki" na akakuelewa. Haikai kwenye chumba cha usaili peke yake.

KWA NINI WANAULIZA?

Zamani waliuliza kirahisi: "Je, wewe ni mvumilivu? Unaweza kufanya kazi na wenzako?" Nani atasema hapana? Hata yule anayerusha viti darasani atajibu, "Ndiyo, mwalimu." Jibu kama hilo halimsaidii muulizaji kitu.

Mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, John Flanagan, alilishughulikia tatizo hili mapema. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alifanya kazi na jeshi la anga la nchi yake, kwenye mpango wa kuchagua marubani na wenzao wa kwenye ndege. Badala ya kuridhika na orodha ya sifa za rubani mzuri, yeye na wenzake walikusanya matukio halisi: kulitokea nini, mhusika alifanya nini, na alichofanya kilisaidia au kiliharibu. Mwaka 1954 alichapisha maelezo ya njia hiyo, na waliokuja baadaye wakaitumia kutengeneza maswali ya usaili wa kazi. Wazo lao ni kwamba namna ulivyofanya jana inaeleza utakavyofanya kesho, kuliko sifa unazojimwagia mwenyewe.

Kwa hiyo jopo halitaki kusikia kwamba unapenda amani. Sote tunapenda amani. Linataka tukio.

Na usidhani kutaja ugomvi ni aibu. Mwaka 1965 mtafiti Bruce Tuckman alipitia uchunguzi mwingi uliofanywa kuhusu vikundi vidogo, akaona kwamba vikundi hupitia hatua zinazofanana. Kwanza watu wanakutana na kuchekeana. Hatua ya pili ni dhoruba: watu wanavutana, kila mmoja anataka lake. Ndipo baadaye wanazoeana na kufanya kazi. Anayesema "kwenye klabu yetu hatujawahi kugombana hata siku moja" anawaambia walimu mambo mawili, ama anadanganya, ama hakuwepo.

MAJIBU YANAYOWAANGUSHA WENGI

Hilo la "hatujawahi kugombana" ndilo la kwanza. La pili ni la shujaa. Unalijua: "Nilifika nikawakuta wameshikana mashati, nikawaambia acheni mara moja, wakaacha, wakakumbatiana, na mpaka leo ni marafiki." Haya bwana. Ugomvi wa kweli hauishi kwa sentensi moja, na walimu wameamua kesi za bwenini miaka mingi, wanajua.

Lakini jibu linaloharibu kuliko yote ni la kumchafua mtu. Mgombea anaanza vizuri, halafu anaingia kwenye utamu wa hadithi: yule dada alikuwa na dharau, anaringa, kwao wana hela, halafu kulikuwa na habari zake na kijana fulani... Kufikia hapo hakuna tena usaili, ni umbeya. Anafikiri anawaonyesha walimu jinsi kesi ilivyokuwa ngumu. Kumbe wao wanaona kitu kingine: huyu akipewa cheo, siri za wenzake zitakuwa hewani kabla ya kengele ya chakula.

Hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hawaambiwi. Swali la ugomvi linakupima mara mbili. Linapima ulichofanya siku ile, na linapima unavyowasema watu ambao hawapo chumbani kujitetea. Unaweza kufaulu la kwanza ukaanguka la pili.

CHUKUA MFANO HUU

Tuseme wewe ni katibu wa klabu ya afya shuleni. Mnaandaa igizo la Siku ya UKIMWI Duniani, ambayo huadhimishwa kila tarehe 1 Desemba tangu mwaka 1988. Zimebaki wiki tatu. Kijana aliyetunga igizo na msichana anayecheza nafasi kubwa hawasemezani. Mazoezi yanaanza saa kumi jioni. Kila ikifika saa kumi na moja kasoro, msichana anachukua mkoba wake anaondoka. Kijana anasema huyu anajishaua, anadhani bila yeye igizo halisimami. Juzi alimwambia mbele ya wote, "Kama hutaki sema, tumpe mtu mwingine." Msichana hakujibu. Jana hakuja. Sasa kundi limegawanyika, wasichana kule, wavulana huku.

Ungefanya nini? Wengi wetu tungewaita wote wawili mbele ya klabu, kila mtu aseme lake, kisha wapigiwe kura. Inaonekana ni haki, lakini ni njia mbaya sana, kwa sababu mtu akiwa mbele ya watu thelathini anatetea heshima yake tu. Hataji kinachomsumbua.

Tuseme basi umemfuata msichana peke yake wakati wa mapumziko. Anazunguka kwanza, anasema yeye hana shida, igizo limemchosha. Unanyamaza kidogo. Halafu anakuambia. Akiondoka saa kumi na moja na nusu, kituoni makonda wanawakwepa wanafunzi kwa sababu ya nauli yao ndogo, daladala zinapita zimejaa, anafika nyumbani giza limeingia. Na kuna mwendesha bodaboda mmoja ambaye kila akimwona amesimama anampa lifti ya bure. Mara ya kwanza alishukuru. Mara ya tatu yule jamaa akaanza kuuliza, "Sasa na mimi utanipa nini?" Hayo angeyasemaje mbele ya wavulana?

Unaona? Ugomvi ulivaa nguo ya maringo, kumbe ndani kulikuwa na hofu. Na kijana naye ana lake: ametunga igizo usiku na mchana, mwalimu amemwambia likiharibika ataulizwa yeye.

Mwandishi mmoja wa Marekani aliyeandika sana kuhusu uongozi, Mary Parker Follett, alieleza katika miaka ya 1920 kisa kidogo ambacho kinafaa hapa. Walikuwa maktaba ya Chuo Kikuu cha Harvard, katika chumba kidogo. Mwenzake anataka dirisha liwe wazi, yeye anataka lifungwe. Wangeweza kushindana, au kulifungua nusu kila mtu akakosa raha. Walikwenda kufungua dirisha la chumba cha pili ambacho hakikuwa na mtu. Mmoja alitaka hewa, mwingine hakutaka upepo umpige moja kwa moja, na wote wakapata. Walipoacha kubishania dirisha na kuulizana kila mmoja anahitaji nini, jibu lilikuwa jirani tu.

Kwenye igizo letu, dirisha la chumba cha pili ni saa ya mazoezi. Kijana anahitaji mazoezi ya kutosha, hahitaji jioni. Msichana anahitaji kuondoka mapema, hakatai igizo. Kumbe Jumamosi asubuhi na nusu saa ya mapumziko ya mchana zingeweza kutosha.

SASA LISEME MBELE YA JOPO

Umefanya vizuri. Lakini kufanya na kueleza ni vitu viwili, na usaili unaona maelezo tu. Walimu wa mambo ya usaili hufundisha kupanga jibu katika vipande vinne: hali ilikuwaje, jukumu lako lilikuwa nini, ulichukua hatua gani, na matokeo yakawa nini. Kwa Kiingereza herufi za mwanzo za vipande hivyo zinasomeka kama neno nyota, kwa hiyo ukikutana na mtu anayekuambia ujibu kwa nyota, usishangae, ni hivyo tu.

Vipande hivyo haviwi sawa kwa urefu. Watu wengi wanamaliza dakika nzima kwenye hali, nani alisema nini na nani alimjibu nini, halafu hatua zao zinapata sentensi moja. Fanya kinyume chake. Hali, sentensi mbili tatu. Hatua, hapo ndipo ukae. Jibu zima lisizidi dakika mbili.

Sikiliza mgombea mmoja anavyoweza kulijibu:

"Mwaka jana nilikuwa katibu wa klabu ya afya. Tulikuwa tunaandaa igizo, zimebaki wiki tatu, wenzetu wawili muhimu wakaacha kusemezana na kundi likagawanyika. Mwenyekiti alikuwa anaumwa, kwa hiyo kazi ya kuhakikisha igizo linaendelea ilikuwa yangu. Siku hiyo yenyewe sikuwaita, kwa sababu bado walikuwa na hasira. Niliahirisha mazoezi ya siku moja. Kesho yake nilimsikiliza kila mmoja peke yake. Nikagundua kwamba mmoja alikuwa na tatizo la usafiri jioni na mwingine aliogopa muda hautatosha. Nilimwomba yule wa usafiri ruhusa ya kusema jambo la muda tu, mengine yabaki kwetu. Halafu nikawakutanisha watatu, si mbele ya klabu. Mwenzetu mmoja ndiye aliyetoa wazo la Jumamosi asubuhi, mimi nikaenda kuliombea ruhusa kwa mwalimu mlezi. Mazoezi yalihama, igizo lilichezwa. Wale wawili hawakuwa marafiki sana baada ya hapo, lakini walifanya kazi. Nilijifunza kuuliza saa zinazowafaa watu kabla ya kupanga ratiba, na muhula uliofuata tulianza hivyo."

Angalia alivyosema "hawakuwa marafiki sana". Sentensi hiyo moja inamfanya aaminike kuliko ingekuwa wamekumbatiana. Angalia pia alivyomtaja mwenye wazo la Jumamosi.

Hapa kuna ugumu wetu sisi tuliolelewa kwa Kiswahili. Tumefundishwa tusijisifu. Mtu akifanya jambo husema "tulifanya", "tulijitahidi", na mtu wa "mimi, mimi" tunamwona ana kiherehere. Kwenye usaili adabu hiyo inakuponza, maana jopo haliajiri "sisi". Mwalimu akisikia "tulikaa tukaongea tukaelewana" anabaki anajiuliza wewe ulikuwa wapi, huenda ulikuwa umekaa pembeni unakula karanga. Dawa yake ni kutaja kwa usahihi: hili nilifanya mimi, lile alifanya mwenzangu. Ukimpa mwenzako haki yake, "mimi" yako haisikiki kama majivuno.

Sasa subiri swali la nyongeza, maana litakuja. Mwalimu anainua kichwa: "Tatizo la usafiri, tatizo gani hasa? Ni nani huyo?"

Chumba kimenyamaza. Unataka wakupende. Unajua ukisimulia ile ya bodaboda hadithi itanoga. Jibu ni hili, kwa upole na bila kutetemeka: "Mwalimu, hilo aliniambia mimi kwa siri, naomba nisilitaje hapa. Lakini lilikuwa jambo linalohitaji mtu mzima, kwa hiyo nilimshauri twende kwa matroni, na tulikwenda pamoja."

Mwalimu anayejua kazi yake hatakasirika. Umemwonyesha kwamba unatunza siri na kwamba hukulibeba peke yako jambo lililokuzidi kimo. Nani asiyetaka kiranja wa aina hiyo?

SI KILA UGOMVI NI WA KUPATANISHA

Hili tulikazie, kwa sababu hata watu wazima wanalikosea. Kuna mambo ambayo watu huyaita ugomvi ili yaishe kimyakimya. Mvulana anawashika wasichana kwenye foleni ya chakula, msichana anampiga kofi, halafu wote wawili wanaitwa "mpatane". Wapatane nini? Mmoja amekosewa, mwingine amekosa. Vivyo hivyo kwa wizi, kipigo, vitisho, mtu mzima anayemtaka mwanafunzi kimapenzi, au mtu anayeeneza habari za afya ya mwenzake. Huwezi kukaa katikati na kusema kila mmoja ashushe kidogo.

Kwenye klabu za afya hilo la mwisho linauma zaidi. Mwanaklabu amekwenda kupima, akamwamini mwenzake mmoja akamwambia majibu, kesho yake bweni zima linanong'ona. Kwa Tanzania, Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inataka majibu ya kipimo cha VVU yawe siri. Aliyeenezewa habari anahitaji ulinzi na mtu wa kumsikiliza kwanza, na habari zile zizimwe. Haombwi kumsamehe mtu ili klabu ionekane ina umoja.

Kwa hiyo kwenye usaili unaruhusiwa kabisa kusema, "Hilo sikulisuluhisha. Nililipeleka kwa mwalimu wa ushauri nasaha siku hiyo hiyo." Wengine wanaogopa kusema hivyo wakidhani wataonekana dhaifu. La hasha. Kujua mpaka wa uwezo wako ni sehemu ya kazi ya kiongozi yeyote, hata meneja wa benki ana mambo asiyoruhusiwa kuyamaliza ofisini kwake.

Na kama mtu mwenyewe wa kupelekewa ndiye mkosaji, mtafute mwingine: matroni, mwalimu mwingine unayemwamini, mzazi, muuguzi wa zahanati. Tanzania Bara na Zanzibar, na Kenya pia, kuna simu ya kuwasaidia watoto, namba 116, kupiga ni bure. Iandike nyuma ya daftari.

MWILI NAO UNA NENO

Rudi kidogo kwa yule katibu aliyeahirisha mazoezi ya siku moja. Ulidhani ni uoga? Mtu akikasirika, tezi zilizo juu ya figo zake humwaga homoni ya adrenalini kwenye damu. Moyo unakwenda mbio, pumzi zinakuwa fupi, misuli inakaza. Mwili unajiandaa kupigana au kukimbia, haujajiandaa kusikiliza. Ukimwita mtu aliye katika hali hiyo ukamwambia "hebu jiweke katika nafasi ya mwenzako", unamtwanga maji kwenye kinu. Mpe muda. Wengine saa moja inatosha, wengine mpaka walale.

Hata kwenye magomvi ya nchi mpangilio ni huo. Kofi Annan alipokwenda Nairobi Januari 2008 kuongoza mazungumzo, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 kuzua mauaji Kenya, ajenda ya kwanza iliyowekwa mezani ilikuwa kusimamisha ghasia. Ya pili ilikuwa kuwasaidia walioathirika. Suala la nani atawale, ambalo ndilo lililowasha moto, lilikuwa la tatu, na mizizi ya muda mrefu, kama ardhi, ikawekwa ya nne. Mkataba ulitiwa saini tarehe 28 Februari. Kwanza moto uzimwe.

Adrenalini hiyo hiyo itakutembelea na wewe mlangoni kwa jopo. Viganja vitatoa jasho, mdomo utakauka. Ni kawaida, haina maana hujui. Vuta pumzi polepole kwa pua, itoe taratibu kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, mara tano au sita. Swali likiulizwa, ruhusa unayo ya kusema, "Naomba nifikiri kidogo." Sekunde kumi za kimya kwako ni kama mwaka, kwao ni kitu cha kawaida tu.

"MIMI SINA HADITHI"

Unayo. Husikii tu kwamba ni hadithi. Foleni ya maji bwenini, nani ametanguliza ndoo. Timu ya mpira, kipa na beki wanalaumiana kwa goli moja. Kikundi cha kujisomea hesabu ambamo mmoja anakuja kunakili tu. Kwaya. Nyumbani, kaka na dada wanagombania nani apike. Jopo la kidato cha tatu halitegemei uwe umesuluhisha mgomo wa kiwanda. Kisa kidogo cha kweli kinazidi kikubwa cha kutunga, kwa sababu cha kutunga kinakatika ukiulizwa swali la tatu.

Kama kweli hakuna kinachokuja, huenda wakakuuliza kwa namna nyingine: "Ungefanya nini kama viranja wako wawili wangekataa kufanya kazi pamoja?" Hapo usitunge tukio. Eleza hatua kwa mpangilio ule ule, kisha useme kwa nini ungeanza na hiyo.

Wanaweza pia kukuuliza kama huwa unakwepa ugomvi. Usikimbilie kusema "sikwepi kamwe!" Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Kenneth Thomas na Ralph Kilmann, walitoa dodoso linaloonyesha njia tano ambazo watu huzitumia: kushindana, kukubali yaishe, kukwepa, kugawana kila mtu apate nusu, na kushirikiana mpaka wote waridhike. Hakuna hata moja iliyo mbaya kila siku. Bweni likiwaka moto hukai kikao, unaamuru watu watoke. Mwenzako akikutania jambo dogo siku amepata msiba, unaacha lipite. Mtu anayetumia njia moja tu kwa kila jambo ndiye mwenye matatizo, hata kama njia yenyewe ni ile nzuri ya kushirikiana, maana atafanya kikao mpaka cha rangi ya chaki.

Neno la lugha. Kama usaili utakuwa kwa Kiingereza, kitafute kisa chako kwa Kiswahili kwanza. Kisimulie kwa rafiki, akuulize maswali mpaka kikae sawa. Kisha ukiweke kwenye Kiingereza cha sentensi fupi. Wanaoanza moja kwa moja na Kiingereza wanaishia kusema walichokariri, na walichokariri kinafanana na cha wagombea wengine wote.

JARIBUNI DARASANI

Watatu wawe jopo, mmoja awe mgombea, wengine wasikilize. Wanaosikiliza waangalie vitu viwili tu: je, tumejua yeye alifanya nini, na je, ametaja jambo la mtu ambalo halikuwa lake kulisema? Badilishaneni. Anzeni na haya:

Ni lini ulitofautiana na mtu aliyekuzidi cheo au umri, na ulimwambiaje?

Katika ugomvi uliotusimulia, wewe mwenyewe ulichangia nini?

Mwenyekiti wa klabu ni rafiki yako wa damu. Unajua, na ni wewe peke yako unayejua, kwamba yeye ndiye aliyesambaza habari za yule mwenzenu aliyekwenda kupima. Kesho mnaitwa na mwalimu mlezi. Utafanya nini leo jioni?